Selina Hakupenda Kuachwa

Nikisema Selina wa Kinyangiri alinimalizia katambuga jozi mbili, mtu asidhani nina kinyongo. Msichana mwenyewe nilimpenda kama mwanangu. Lakini katambuga hukatwa kwenye tairi la lori, mtu huzivaa miaka hata akachoka kuzitazama, na mimi jozi zote mbili nilizimaliza katika njia moja: kutoka kwetu, kuvuka mbuga, mpaka nyumbani kwa bibi yake Selina, kisha kurudi. Kwenda na jembe, kurudi na jembe.

Mimi Zefania ndimi niliyekuwa mshenga. Kazi hiyo watu huisifu sana siku ya arusi, mshenga akipewa paja la mbuzi. Kabla ya hapo hakuna anayekuuliza miguu inaendeleaje.

Nieleze kwanza habari ya jembe. Kwetu Iramba, miaka ile ya baada ya vita vya Hitla, mchumba hakuvishwa pete. Pete ilikuwa ya Wazungu wa misheni na ya karani mmoja wa bomani aliyejifanya Mzungu. Sisi tulipeleka jembe jipya, chuma kitupu, bila mpini. Wakilipokea, wanalitundika ndani ya tembe, na kila aingiaye anajua binti ana mwenyewe. Siku ya arusi ndipo wazee wa binti wanalitia mpini na kumkabidhi aende akalime kwa mumewe. Msichana akibadili nia kabla ya siku hiyo, jembe linarudishwa kupitia kwa mshenga, kimya kimya, hakuna kesi wala fidia. Ni desturi nzuri kabisa. Walioitunga hawakumjua Selina.

Kijana aliyenituma ni Isaka, mtoto wa dada yangu Lea. Baba yake alifariki yeye akiwa hajaota meno ya pili, misheni ya Kiomboi ikamchukua, ikamsomesha, ikamfundisha useremala. Alitoka huko fundi hodari, mrefu, mpole, mzito wa maneno. Ukimwuliza jambo asubuhi, jibu unalipata wakati wa ugali. Mambo ya randa na msumeno aliyajua yote. Mila za kwao alizijua kama mimi ninavyoijua Ulaya, yaani kwa kusikia watu wakitaja.

Selina alikuwa kinyume chake. Maneno yalimtoka kabla hujafika mlangoni. Wakati wa kupura uwele, yeye ndiye aliyeongoza nyimbo, na mtu akilegeza fimbo alitungiwa wimbo wake hapo hapo, watu wakacheka mpaka makapi yakawaingia kinywani. Siku Isaka alipokwenda kumtengenezea bibi Magdalena mlango, Selina alimwimba fundi anayepima mlango kana kwamba ng'ombe wa bibi wataingia wakiwa wameshikana mikono. Isaka aliendelea kupima. Lakini mlango wa kazi ya asubuhi moja ulimchukua mpaka jua kuzama, na Jumamosi iliyofuata akarudi kuutazama kama umekaa sawa. Mlango ulikaa sawa. Jumamosi nyingine akarudi tena kuutazama. Bibi Magdalena akamwambia, "Baba, mlango huu mzima. Mgonjwa ni wewe. Tafuta mshenga."

Ndivyo nilivyoingia mimi.

Jembe likapokelewa kwa vigelegele, likatundikwa. Lilikaa muda wa kutosha buibui kulijengea upande mmoja. Kisha nikaitwa.

"Shikamoo, baba," Selina akasema.

"Marahaba. Nimesikia unaniita."

"Chukua jembe lenu."

"Isaka amekosa nini?"

"Jumamosi hakuja."

"Alikuwa anamalizia mabenchi ya kanisa, mwanangu. Ulitaka watu wa Mungu wakae chini?"

"Jumamosi hii mabenchi, Jumamosi ijayo madirisha. Nayajua yanavyoanza."

Nikavuka mbuga na jembe begani. Isaka alilitazama, akalipangusa utando wa buibui, akalisukuma chini ya kitanda. Jumapili akaenda kanisani, Selina akiwa upande wa kwaya, na wimbo mzima binti aliuimba akimtazama yeye, mchungaji akadhani ni moto wa Roho. Baada ya ibada wakasimama kando ya ukuta wa kanisa mpaka mbuzi wakarudi malishoni. Jumatatu nikaambiwa, "Mjomba, naomba ulipeleke tena."

Mara ya pili kosa lilikuwa kicheko. Isaka alicheka maneno ya Dorkas, binti wa jirani, msichana asiye na hatia yoyote ila kuwa mchekeshaji.

"Kucheka si dhambi," nikamwambia Selina.

"Alicheka mpaka magego yakaonekana. Mimi hunichekea meno ya mbele tu."

Nikavuka mbuga. Wakapatana tena, safari hii kisimani, kwa sababu Selina alimtungia wimbo mwingine na Isaka alicheka mpaka magego, nadhani kwa makusudi. Nikavuka tena. Wakati huo mvua ilikwisha nyesha na mbuga imekuwa tope jeusi lile linalomvua mtu viatu na kutaka kumvua na miguu. Jozi ya kwanza ya katambuga iliishia humo.

Mara ya tatu sikuamini masikio yangu. Isaka alikwenda Singida mjini kununua misumari, akamletea Selina kanga. Nzuri, mpya, yenye harufu ya dukani. Asubuhi yake nikaitwa.

"Mwanamume haleti kanga bila sababu," Selina akasema. "Ana kosa analolifunika."

Hapo hasira ilinipanda, nami si mtu wa kuificha. "Selina! Asipokuja, kosa. Akicheka, kosa. Akileta kanga, kosa. Basi tukuletee malaika?"

"Malaika nao wana mabawa, baba. Wanaruka."

Alisema akicheka, na mimi nusura nicheke naye. Lakini nilipomtazama machoni, macho hayakuwa yanacheka hata kidogo. Alikuwa anakunja ile kanga, anaikunjua, anaikunja tena, na alipoisogeza niirudishe pamoja na jembe, mkono wake haukutaka kuiachia.

Bibi Magdalena akanisindikiza mpaka mwisho wa uwele wake. Mama yule alikuwa mkali, na siku zote alinisindikiza kwa kunilaumu kwamba nakanyaga mimea yake. Siku hiyo alisimama.

"Usimchoke mjukuu wangu," akasema. "Naftali, baba yake, aliondoka na wale waliochukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga. Mtoto alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholala, anamtazama akifunga kifurushi. Akamwambia, nitarudi uwele ukikomaa. Basi mtoto akawa kila jioni anakwenda shambani kuminya masuke. Ananijia, bibi, umekomaa. Namwambia bado. Mwisho sikuweza tena kumwambia bado, maana tulikwisha vuna na kula. Mama yake naye akaolewa huko Mtinko. Sasa akiona mtu anaanza kumkaa moyoni, anamfukuza yeye mwenyewe. Mtu uliyemfukuza hawezi kukuacha."

Nilimwonea huruma sana yule binti. Njia nzima nilimwonea huruma, na hasira ikapoa, ingawa miguu iliendelea kuuma kama kawaida.

Nyumbani, dada yangu Lea hakuwa na huruma ya kugawa. Alilitazama jembe, akaitazama kanga, akasema, "Zefania, mwanangu amekuwa mchezo wa kijiji. Nikienda kisimani wananiuliza jembe leo limelala wapi. Litakwenda mara moja tu tena. Likirudi, namtafutia kwingine, na wewe utakwenda huko huko kwingine." Kisha akamgeukia Isaka. "Umesikia?" Isaka akasikia. Jibu alilitoa jioni: "Ndiyo, mama."

Wiki hiyo hiyo ikaja habari kwamba kule Kongwa, kwenye shamba kubwa la karanga la Waingereza, wanatafuta maseremala, tena wa kukaa miaka. Mafundi wenzake Isaka walikuwa wanajiandikisha huku wakiimba. Yeye alijiandikisha bila kuimba. Akanijia, akanikuta nimelala chini ya mablanketi mawili nikitetemeka kwa homa, meno yanagongana. Akasema atalipeleka jembe mwenyewe, mara hii ya mwisho, na asipopata neno jema anakwenda Kongwa. Nilikuwa katika hali ya kukubali lolote. Kama angesema anakwenda kumposa binti wa Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wa bomani, ningemwambia aende salama.

Laiti ningelitoa kichwa nje ya blanketi nikatazama alichobeba!

Homa iliponiacha na nikaweza kutoka nje kuota jua, mwanamke wa kwanza aliyepita alinipa pole. Nikamshukuru, nikamwambia nimepona. Akasema hanipi pole ya homa, ananipa pole ya Selina, kwa vile Isaka amemwacha hadharani. Nikadhani homa imerudi.

Kumbe fundi wangu alikuwa amechonga mpini, wa mti wa mkole, akaulainisha mpaka ukang'aa, akautia kwenye jembe. Akalibeba mpaka Kinyangiri. Alipofika, bibi na mjukuu wote wako shambani, nyumba imefungwa kwa mlango ule ule alioutengeneza. Akaliegemeza jembe ukutani, nje, akaondoka kwa furaha. Sasa, kwetu mtoto anayechunga ndama anajua maana yake. Mke akiachwa, jembe lake na mpini wake huegemezwa nje ukutani, achukue aende zake, na hakuna neno jingine linalohitajika. Mwanamke mzima anaweza kuishi maisha yake yote bila kuliona jambo hilo mlangoni kwake, na akamshukuru Mungu. Selina alitoka shambani na kuni kichwani, akalikuta. Hajaolewa, na tayari ameachwa.

Bibi Magdalena alilia. Majirani walikuja kukaa naye kama msiba. Selina, waliniambia, hakulia. Alitua kuni, akazipanga vizuri, akasema, "Nilijua."

Nilikwenda kwa Lea nikiwa bado na kizunguzungu. Isaka alikuwa anapanga vyombo vyake vya kazi kwenye sanduku.

"Isaka, umefanya nini?"

"Nimepeleka jembe."

"Lenye mpini!"

"Wa mkole. Hautamtoa malengelenge."

"Nani aliyekwambia utie mpini?"

Akafikiri. Nikangoja. Nimezoea kungoja. "Niliona hivi, mjomba. Lile tupu linarudi kwa sababu limetundikwa tu, halina kazi. Nikasema likiwa na mpini watalilimia. Na jembe lililokwisha lima, lina udongo, nani atalirudisha?"

Nilicheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka nikakaa chini. Hapo chini ndipo nilipomweleza alichokifanya. Uso ulimsawijika. Nikaanza kutafuta katambuga zangu, jozi ya pili, ambayo nayo ilikuwa imebakiwa na kamba tu. "Nakwenda sasa hivi kumweleza," nikasema.

"Hapana, mjomba. Usiende."

"Kichwa chako ki sawasawa?"

Mara hii hakunikawiza. Maneno yalimtoka mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake. "Kila mara ni mimi ninayekwenda. Ninayeuliza ni mimi, ninayeomba radhi ni mimi, hata kwa kosa la kucheka. Nikikuona unavuka mbuga, natazama mikono yako kwanza kabla ya uso. Nimekuwa naogopa mikono yako, mjomba! Sijui kama Selina ananipenda au anapenda kuniona narudi. Mara hii aje yeye aniulize. Asipokuja, nitajua. Jumanne napanda lori la Mselemu mfanyabiashara, nakwenda Kongwa."

Akaniapisha nisimweleze binti habari ya mpini. Nikaapa, kwa shingo upande. Vijana wana akili za ajabu: wawili wanapendana, kila mmoja amejificha nyuma ya mlango wake, anangoja mwenzake abishe.

Lakini hakuna desturi inayomkataza mtu kwenda kumsalimu mama mzee. Nikaenda Kinyangiri. Selina alikuwa anatwanga uani. Nikakaa na bibi, nikazungumza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Isaka anasafiri Jumanne!" nikasema. "Na lori la Mselemu! Kutoka Kiomboi! Asubuhi!"

"Mimi si kiziwi, Zefania," bibi akasema.

Mchi ulinyamaza. Kisha ukaendelea, lakini ulikuwa unatwanga pembeni mwa kinu.

"Aende salama," Selina akasema. "Nilijua ataniacha."

"Umemwuliza?"

"Aliyeachwa ana swali gani la kuuliza?"

Niliung'ata ulimi wangu mwenyewe. Kwa mtu kama mimi, kunyamaza siku ile kulikuwa kazi kuliko kuvuka mbuga wakati wa masika. Nilipoondoka niliona jembe bado limeegemea ukutani pale pale. Hakuna aliyethubutu kuligusa.

Jumanne nilikuwepo Kiomboi mapema kumsindikiza. Lori lilisimama mbele ya maduka, limejaa ngozi na magunia ya karanga, na juu ya magunia Isaka amekaa kwenye sanduku lake. Wenzake walikuwa wanazungumza habari za Kongwa, mitambo na mishahara. Yeye shingo yake ilikuwa upande mmoja tu, upande wa barabara. Dereva akapiga honi. Nikamwonea huruma kijana kiasi cha kutamani niseme uongo wowote, kwamba gurudumu limepasuka, kwamba daraja limevunjika.

Ndipo nilipomwona Selina. Alikuwa ameondoka kwao jana yake, akalala njiani kwa shangazi yake, na vumbi lilimfika magotini. Begani alikuwa amebeba lile jembe. Watu waliacha kununua. Mwanamke aliyeachwa hulificha jembe lake, analipitisha vichochoroni. Huyu alilipitisha katikati ya Kiomboi, mchana kweupe, mpaka ubavuni mwa lori.

"Isaka," akasema. "Hili maana yake nini?"

Isaka akaeleza. Akaeleza yote, pale juu ya magunia, habari ya mpini na udongo na jembe lisiloweza kurudishwa. Mama mmoja muuza maziwa akaangua kicheko, na wengine wakafuata. Selina mwenyewe alianza kucheka, akaziba mdomo kwa mkono, na mkono ulipotoka tuliona analia. Akalitua jembe chini.

"Sikulirudisha jembe kwa sababu ya mabenchi," akasema. "Wala Dorkas, wala kanga. Kanga niliipenda. Niliogopa tu. Nikikuona unakuja nafurahi, halafu papo hapo naanza kuhesabu namna utakavyoondoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Baba yangu alipokuwa anafunga kifurushi nilikuwa namtazama. Sikumwambia asiende. Nilidhani mtoto mwema hasemi." Akapangusa uso kwa kiganja, vumbi likamchora. "Mimi si mtoto mwema tena. Sitaki uende, Isaka."

Watu walisogea karibu. Hata yule mama wa maziwa aliyaacha maziwa yake. Isaka naye, kama kawaida yake, akafikiri. Naapa kwa Mungu, ningekuwa na fimbo ndefu ningempiga. Dereva akawasha moto, lori likatikisika, na Selina hakusogea wala hakugeuka kuondoka yeye kwanza. Alisimama pale pale, mikono mitupu, akingoja. Nadhani hajawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile.

Isaka akainua sanduku, akaliteremsha kwa kamba, kisha akaruka chini. Dereva akaanza kutukana: nafasi imepotea, wakati umepotea, mafundi wa Iramba hawana akili. Hakuna aliyemsikiliza.

Mngedhani binti angefurahi. Alifurahi, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Kisha uso ukabadilika.

"Utakuja kunilaumu," akasema. "Kongwa kuna mshahara. Siku moja utasema mimi ndiye niliyekuzuia."

Isaka akamtazama. "Nikienda, utaogopa?"

"Nitaogopa."

"Nikibaki?"

"Nitaogopa pia."

"Basi uogope nikiwa hapa."

Selina alishika sanduku upande mmoja, Isaka akashika upande wa pili, wakaondoka nalo wakiyumba kwa sababu mmoja ni mrefu na mwingine mfupi, na mimi nikabaki na jembe lao na dereva, ambaye matusi yake yalikuwa bado mengi.